Dola 1 au dola 36: hesabu iliyofunga bomba la Sudan mbili

Januari 2012 Sudan Kusini, nchi iliyokuwa na umri wa miezi sita tu, ilifunga visima vyake vya mafuta kwa mkono wake yenyewe. Mapipa kama 350,000 kwa siku yalisimama. Mafuta hayo ndiyo yaliyokuwa yakiipa serikali ya Juba takriban asilimia 98 ya mapato yake, na njia pekee ya kuyafikisha sokoni ilikuwa mabomba mawili yanayokatiza Sudan hadi Bahari ya Shamu. Ugomvi ulikuwa wa ada. Juba ilikuwa radhi kulipa chini ya dola 1 kwa kila pipa linalopita. Khartoum ilitaka dola 36.

Ukisikia pengo la namna hiyo unadhani lazima mmoja wao alikuwa akifanya mzaha. Uhasama ulikuwapo, tena wa kutosha, kwa maana watu waliopigana tangu 1983 hadi 2005 hawawi majirani wema kwa sababu tu ya saini. Lakini mkataba uliomaliza mgogoro ule unaonyesha jambo ambalo vichwa vya habari vililipita. Ukiusoma mstari kwa mstari, unakuta kila upande ulikuwa ukitaja bei yenye hoja, ila walikuwa wakizungumzia vitu viwili tofauti na kuviita kwa jina moja, ada ya kupitisha mafuta.

Mkataba huo ulitiwa saini Addis Ababa tarehe 27 Septemba 2012, kwa upatanishi wa jopo la Umoja wa Afrika lililoongozwa na Thabo Mbeki. Kwa mafuta ya jimbo la Upper Nile, yanayopita katika bomba la Petrodar, Juba ilikubali kulipa dola 9.10 kwa pipa: dola 1.60 za kuyachakata, dola 6.50 za kuyasafirisha, na dola 1.00 ya haki ya kupita katika ardhi ya Sudan. Kwa mafuta ya jimbo la Unity, yanayopita katika bomba la zamani la Greater Nile, usafirishaji uliwekwa dola 8.40, hivyo jumla ikawa dola 11. Kisha ukaja mstari wa nne, dola 15 kwa kila pipa, ambazo hazihusiani na bomba hata kidogo. Ni malipo ya mpito ya kuipoza Sudan kwa mapato iliyoyapoteza kusini ilipojitenga, na yalipangwa kukoma yakifika jumla ya dola bilioni 3.028.

Itazame ile dola 1.00. Hiyo ndiyo haki ya kupita, yaani kodi ambayo nchi hutoza kwa sababu tu bomba limekanyaga ardhi yake, na Juba ilikuwa imetaja kiwango kinachoikaribia tangu mwanzo. Ilikuwa na mfano wa kuonyesha pia: wakati ule Kamerun ilikuwa ikitoza dola 0.41 kwa pipa la Chad linaloshuka hadi pwani yake, Kribi, na ilipopandisha mwaka 2013 ilifika dola 1.30. Sasa zitazame zile dola 15. Hilo ndilo shimo la bajeti ambalo Khartoum ilitaka lizibwe, na kwa kuwa haikuwa na mahali pengine pa kuliandika, ililiandika ndani ya ada. Toa shimo la bajeti katika dola 36, toa gharama halisi za kusukuma na kuchakata, na tofauti kati ya majirani hao inabaki ndogo kuliko ilivyotangazwa.

Hoja ya Juba haikuishia kwenye mifano ya nchi nyingine. Uhuru wa tarehe 9 Julai 2011 uliiachia kusini takriban asilimia 75 ya uzalishaji wa Sudan nzima. Mkataba wa amani wa 2005, uliogawa nusu kwa nusu mapato ya mafuta ya kusini, ulifikia mwisho wake siku hiyo. Kwa hiyo Juba iliona dola 36 kama njia ya mlango wa nyuma ya kurudisha mgawo ule ule uliokwisha, na haikukosea. Pipa likiuzwa dola 100, dola 36 ni zaidi ya theluthi moja, kabla hata kampuni za uchimbaji hazijachukua fungu lao.

Khartoum nayo ilikuwa na yake. Sudan ndiyo iliyobaki na deni la nje, lililokuwa kiasi cha dola bilioni 40. Mafuta yalikuwa yakiingizia serikali zaidi ya nusu ya mapato, na ghafla robo tatu ya mafuta hayo ikawa ya nchi nyingine. Mabomba yalijengwa enzi za nchi moja, la Greater Nile likianza kazi 1999 na la Petrodar 2006, kwa mtaji wa kampuni za China, Malaysia na nchi nyingine na washirika wao wa Sudan, kwa matarajio ya miaka mingi ya mapato. Tena tangu Julai hadi Desemba 2011 mafuta ya kusini yaliendelea kupita bila ada kulipwa. Juba ilisema italipa ada ikishakubaliwa. Mwenye bomba alikuwa akitoa huduma kwa mkopo ambao bei yake haijulikani, na hapo ni vigumu kumlaumu kwa kukosa subira.

Alichofanya baada ya kuchoka ndicho kinachomwondolea haki. Mwishoni mwa 2011 Khartoum ilianza kujichukulia mafuta ya kusini, ikidai inajilipa kwa mali badala ya fedha. Juba iliuita wizi na kuutaja kuwa wa thamani ya dola milioni 815. Kujilipa kwa mali ya mteja kunaweza kuwa halali pale ambapo deni linajulikana. Hapa halikujulikana, kwa sababu ada yenyewe ndiyo iliyokuwa ikigombewa. Ukijichukulia kwa bei uliyoipanga peke yako, huyo aliye upande wa pili hana sababu tena ya kukaa mezani.

Kulikuwa na njia ya kawaida ya kuvuka kipindi kama hicho, nayo ni akaunti ya amana. Msafirishaji analipa ada ya muda, tuseme dola 8 kwa pipa, katika akaunti iliyo mikononi mwa mtu wa tatu. Mwenye bomba anaruhusiwa kuchota gharama za uendeshaji tu: mishahara, dizeli, dawa za kuzuia kutu, vipuri vya pampu. Salio linakaa mpaka ada ya kweli iafikiwe, kisha linagawanywa kwa kurudi nyuma hadi siku ya kwanza. Kwa mapipa 350,000 kwa siku, miezi sita ya dola 8 ingekuwa dola milioni 500 hivi. Fedha hiyo ingetosha kuwafanya wote wawili watake makubaliano, mmoja ili alipwe na mwingine ili arudishiwe ziada.

Kuna na suala la mita, ambalo wanasiasa hulidharau na wahandisi hulikesha. Mafuta ya kusini hayatoki kisimani yakiwa tayari kupimwa. Hutoka na maji, tena mengi, na mengine huwa bado na maji yanapovuka mpaka. Mafuta ya Unity yalikuwa yakichakatwa Heglig, eneo la visima karibu na mpaka, na sehemu ya kazi hiyo kwa mafuta ya Upper Nile ilifanyika Al-Jabalayn, kote upande wa Sudan. Kwa hiyo kipimo cha kuaminika cha mafuta safi kilipatikana ndani ya nchi ya anayeshukiwa kuchota. Asilimia 2 ya maji isiyopimwa vizuri kwenye mapipa 250,000 ni mapipa 5,000 kwa siku, na hakuna anayeweza kuapa yamekwenda wapi. Mkataba wa aina hii unahitaji mita mbili mfululizo kila mwisho wa sehemu ya nchi, sampuli inayochukuliwa kwa mashine kadiri mafuta yanavyopita, na wasomaji wawili wanaotia saini karatasi moja kila siku.

Heglig ilithibitisha jinsi mambo hayo yanavyofungamana. Aprili 2012 jeshi la Sudan Kusini liliiteka kwa siku kama 10 kisha likaondoka kwa shinikizo la kimataifa, na mitambo ikaharibiwa katika mapigano. Mitambo iliyoharibika ndiyo iliyokuwa ikichakata mafuta ya Unity. Juba ilipokuja kutaka kusafirisha tena, ilibidi isubiri jirani atengeneze kile kilichovunjika.

Je, kufunga visima kulikuwa uamuzi wa busara? Waliouunga mkono walisema mafuta yakibaki ardhini hayaozi, ila yakipita yanaibwa, na kwamba Khartoum nayo ingeumia. Kweli iliumia. Pauni ya Sudan ilishuka thamani na katikati ya 2012 serikali ikapunguza ruzuku ya mafuta, watu wakaingia barabarani. Bila kufunga, huenda Khartoum isingeshuka kutoka 36. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi.

Lakini fanya hesabu. Mapipa 350,000 kwa dola 100 ni dola milioni 35 kwa siku. Tofauti nzima iliyogombewa, dola 35 kwa pipa, ni dola milioni 12.25 kwa siku. Juba ilizuia milioni 35 ili isipoteze milioni 12, na ikafanya hivyo kwa zaidi ya mwaka, maana uzalishaji haukuanza tena hadi Aprili 2013. Ule msemo wa mafuta yasiyooza nao una kasoro. Mafuta hayaozi, ila bei huoza. Mwaka 2012 pipa lilikuwa juu ya dola 100. Januari 2016 lilikuwa limeshuka chini ya dola 30. Yaliyobaki ardhini yalikuja kuuzwa katika soko baya zaidi, baada ya vita vya Desemba 2013 kupunguza uzalishaji hadi mapipa 160,000 hivi.

Kuna gharama nyingine ya kufunga ambayo haiandikwi kwenye bajeti, nayo imo ndani ya mafuta yenyewe. Mafuta ghafi ya Upper Nile, yanayouzwa kwa jina la Dar, ni mazito na yamejaa nta. Joto likishuka chini ya nyuzi kati ya 35 na 40 za Selsiasi, nta inaanza kuganda. Mwanzoni ni punje ndogo zisizoonekana. Punje zinashikana, zinafunga mafuta katikati yake, na kilichokuwa kikitiririka kinakuwa kama samli iliyolala usiku kwenye baridi. Ndiyo sababu hupashwa joto, hutiwa dawa ya kuvuruga nta, na husukumwa bila kupumzika. Udongo unaolizunguka bomba una joto la chini kuliko hilo, kwa hiyo mafuta yaliyosimama yana siku chache tu.

Yakishaganda, kuwasha pampu hakutoshi. Nguvu inayohitajika kuubandua mgando huo kwenye ukuta wa bomba huongezeka sawasawa na urefu wake: kilomita 20 za nta zinahitaji presha maradufu ya kilomita 10. Chuma kina kikomo chake cha presha. Ukizidisha, bomba linapasuka kabla nta haijasogea. Kinachobaki ni kuligawa vipande, kutoboa matundu ya kuunganisha pampu njiani, kupasha moto na kudunga dawa, kisha kusukuma kipande kimoja kimoja. Ni kazi ya miezi, na inataka mafundi waweze kufika kila mahali kwa usalama.

Mwaka 2012 jambo hilo lilijulikana, na ndiyo maana bomba halikuachwa tu. Mafuta yalisukumwa nje kwa maji yaliyotiwa dawa, maji yakabaki mahali pake. Bomba la Petrodar lina urefu wa kilomita kama 1,370 na kipenyo cha inchi 32. Ukipiga hesabu ya ujazo, linabeba mapipa milioni 4 na ushei. Kufunga kwa usalama ni kuyatoa yote hayo, na kufungua ni kuyajaza tena kabla tone la kwanza halijafika baharini. Mwanasiasa anayesema "tutafunga kesho" anazungumzia kazi ya wiki kadhaa kwenda na nyingine kurudi. Juni 2013 Rais Omar al-Bashir alipotishia kufunga tena, akiituhumu Juba kusaidia waasi, tishio lilipewa muda wa siku 60, likasogezwa mbele, likafa. Siku 60 hizo zilikuwa na maana ya kiufundi kama zilivyokuwa na maana ya kidiplomasia.

Mkataba wenyewe ulikuwa na dosari ambayo ilijitokeza bei iliposhuka. Dola 9.10 na dola 15 zilikuwa namba zilizokaza, zisizojali soko. Mwanzoni mwa 2016, pipa la dola 30 likishatoa 24.10 lilibakiza dola 5.90, na mafuta ya Dar huuzwa chini ya bei ya Brent, mafuta yanayotumiwa kama kigezo cha bei duniani, kwa sababu ya uzito na tindikali yake. Hapo ilikuwa karibu Juba ichimbe mafuta kwa ajili ya Khartoum. Mwaka huo huo walirudi mezani na kukubaliana ada ipande na kushuka pamoja na bei. Kifungu hicho kilipaswa kuwamo tangu siku ya kwanza kwa ule mstari wa dola 15, kwa kuwa fidia ya mapato inafaa kufuata mapato. Kwa mstari wa usafirishaji sina uhakika kama ni sahihi kuulegeza hivyo. Pampu hainywi dizeli kidogo kwa sababu bei ya London imeshuka, na mwendeshaji asiyelipwa gharama zake huanza kuahirisha matengenezo.

Watu wengi hujibu haya yote kwa neno moja, Lamu. Bomba la kwenda pwani ya Kenya lilikuwa sehemu ya mradi uliozinduliwa Machi 2012, Rais Salva Kiir akiwapo. Hadi leo mafuta ya Sudan Kusini hayajapita huko, na sababu kubwa ni hesabu. Chukua mfano wa bomba la dola bilioni 4 na mapipa 150,000 kwa siku. Katika miaka 20 yanapita mapipa bilioni 1.1, hivyo mtaji peke yake ni dola 3.65 kwa pipa. Ongeza riba ya mkopo wa nchi yenye vita, ongeza kupasha joto na kupandisha mafuta kwenye nyanda za juu, na unakuwa umerudi karibu na zile 9.10 ulizokuwa ukizikimbia. Na visima vinavyozeeka havihakikishi miaka 20. Hata hivyo bomba la pili lina faida isiyoonekana kwenye hesabu ya kwa pipa: linampa msafirishaji pa kwenda.

Uganda ilionyesha thamani ya kuwa na pa kwenda. Mwaka 2023 ilitaka kampuni yake ya taifa, UNOC, iingize yenyewe petroli na dizeli kupitia Mombasa badala ya kununua kwa wafanyabiashara wa Kenya. Nairobi ikasita, na Desemba mwaka huo Kampala ikafungua kesi katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Katikati ya 2024 mizigo ya UNOC ilikuwa ikipita. Tofauti na Juba, Kampala ilikuwa ikizungumzia bidhaa inayobebeka kwa lori, na Tanzania ilikuwa pale kama njia mbadala. Mafuta ya nta hayana lori la kuyatosha.

Kwa upande wa mafuta ghafi, Uganda na Tanzania zilianza mahali ambapo Sudan mbili ziliishia. Kwa bomba la EACOP, lenye kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ada ya dola 12.77 kwa pipa iliandikwa kabla ya mtaro kuchimbwa, na Tanzania ina hisa asilimia 15 kupitia TPDC, shirika lake la mafuta, sawa na Uganda. Nchi ya kupitia iliyo na hisa inapoteza gawio kila siku bomba linaposimama. Kuna mengi ya kuhoji kuhusu mradi huo, ila katika jambo hili umepangwa vizuri.

Na bado hata mkataba mzuri wa ada haukutosha kuiokoa Petrodar mwaka 2024. Safari hii hakuna aliyefunga wala aliyedai kitu. Vita vilivyozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023 vilifika kwenye njia ya bomba; Oktoba mwaka huo wapiganaji wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la Sudan, walikiteka kituo cha kusukuma cha Al-Aylafun karibu na Khartoum. Februari 2024 mafuta yaligandia bombani katikati ya kituo cha 4 na cha 5, dizeli ikiwa haifiki kwenye vituo, na bomba likapasuka. Machi serikali ya Sudan ilitangaza kwamba imeshindwa kutimiza wajibu wake kwa sababu zisizozuilika, na tangazo hilo halikuondolewa hadi Januari 2025. Karibu theluthi mbili ya mafuta ya Sudan Kusini ilikosa njia.

Dizeli ya vituo, kwa asili yake, ni sehemu ya zile dola 6.50 za usafirishaji, gharama ya kila siku kama nyingine. Mazungumzo yajayo ya nchi hizi yanapaswa kuitoa humo na kuipa mstari wake: akiba iliyonunuliwa mapema, iliyopo kituoni, inayolindwa na pande mbili na isiyoguswa kwa uendeshaji wa kawaida. Kiasi chake kisipigiwe hesabu kwa siku za kuendesha bomba, ila kwa siku za kulisafisha. Kwa mwendo wa mapipa 100,000 kwa siku, kuyatoa mapipa milioni 4.2 na kuweka maji mahali pake kunachukua siku 42. Kituo chenye dizeli ya siku 14 kinaweza kuanza kazi hiyo. Kuimaliza hakiwezi, na mafuta yatakayoganda ni yale yatakayokuwa bado njiani siku ya 15.